Sini Moja, Lokesheni Tatu: Kuigawa Skripti Kabla Programu Haijaanza Kuhesabu

Tuanze na kipande cha skripti. Nimekitunga mwenyewe kwa ajili ya makala haya, kwa hiyo usihangaike kumtafuta mwandishi wake.

NJE. SOKO LA MWANJELWA – MCHANA

Atupele anapanga maparachichi kwenye beseni. Simu inaita. Anafuta mikono kwa kanga, anapokea.

ATUPELE: Shikamoo mama.

MAMA: Marahaba mwanangu. Uko wapi?

Mama yuko jikoni Tukuyu, anapuliza moto. Mvua inapiga bati.

MAMA: Baba yako amelifungua lile sanduku.

Atupele anaacha beseni palepale, anasimamisha bajaji. Jioni anashuka stendi ya Tukuyu, amelowa chapachapa.

Ukimuuliza aliyeandika, atakwambia hiyo ni sini moja: binti anapata habari, anarudi nyumbani. Kihadithi hajakosea. Ukimuuliza mtu wa ratiba, atahesabu kwa vidole na kusema ni tatu, huenda nne, naye hajakosea. Vurugu nyingi za kupanga filamu zinaanzia hapo. Neno "sini" limebebeshwa mizigo miwili, na programu za kompyuta tunazozilipia zinaujua mmoja tu.

Kwa mtu wa ratiba, sini ni kipande cha skripti kinachopigwa mahali pamoja, kwa wakati mmoja. Mahali pakibadilika, hiyo ni sini nyingine. Wakati ukibadilika ni sini nyingine, hata kama mko jikoni kwa mama yuleyule na sufuria ni ileile. Kamera ikitoka uani ikaingia ndani, mara nyingi ni nyingine pia, kwa sababu taa zinabadilika, sauti inabadilika, na pengine hata mwenye nyumba anayetakiwa kuombwa anabadilika. Hadithi haina kauli katika hili. Kwa hiyo hapo juu tuna soko, jiko na stendi. Ya nne inazaliwa pale muongozaji atakaposema anataka kumwona Atupele akiwa ndani ya bajaji inayokwenda, maana bajaji inayokwenda ni lokesheni kamili: ina dereva wake, mafuta yake, trafiki wake, na nafasi finyu ambayo kamera na mtu wa sauti hawaenei pamoja.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye simu. Kati ya Mwanjelwa, mjini Mbeya, na Tukuyu ni kama kilomita 70 za milima na kona, na hakuna atakayepiga picha sehemu zote mbili kwa wakati mmoja ili watu wawili wazungumze. Upande wa Atupele utapigwa siku yake sokoni, na upande wa mama utapigwa siku nyingine, pengine wiki nyingine. Mezani kwake ndipo mhariri atawaunganisha. Skripti ikiachwa ilivyo, programu itasoma kichwa cha juu tu, ule mstari unaoanza na NJE, na kukuandikia kwamba mama anatakiwa sokoni Mwanjelwa mchana. Utamlipia nauli, utampikia, na atakaa kwenye kiti cha plastiki siku nzima akisubiri jiko ambalo halipo.

Hapo kuna swali ambalo muongozaji pekee ndiye mwenye jibu: mama tunamwona, au tunamsikia tu? Kama tunamsikia tu, sini ya jikoni haipo, na sauti yake inaweza kurekodiwa hata chumbani kwenye gesti. Kama tunamwona, tunahitaji jiko, moshi, na mvua inayopiga bati. Swali hilo dogo linaweza kuokoa siku nzima ya kazi, na halimo kwenye programu yoyote niliyowahi kuitumia. Mimi huwa napita na penseli kwenye kila simu inayopigwa ndani ya skripti kabla sijafungua kompyuta. Skripti zetu zina simu nyingi mno, hilo nalo tuseme.

Sasa programu yenyewe. Ziko za kuandikia, kama Final Draft na Celtx, na ziko za kupangia ratiba, kama Movie Magic Scheduling ambayo imezoeleka kwenye studio za Marekani. StudioBinder inafanya kazi mtandaoni na inajaribu kubeba yote. Majina yasikutishe. Kazi yao ya kwanza ni moja: kutafuta mistari ambayo ni vichwa vya sini, kisha kuikata skripti kila kichwa kinapoanzia. Kichwa hujulikana kwa namna kinavyoanza, na programu hizi zimezaliwa zikijua INT na EXT, vifupisho vya Kiingereza vya ndani na nje. NDANI na NJE kwao ni maneno tu kama mengine.

Ndiyo maana unaweza kuingiza skripti nzuri ya Kiswahili ukaambiwa ina sini 0, au ina moja ndefu ya kurasa 40. Skripti haina kosa. Katika Final Draft unaweza kuongeza NDANI na NJE kwenye orodha ya maneno yanayoanzisha vichwa. Wanaoandika kwa Fountain, ule mtindo wa maandishi matupu unaofunguka hata kwenye simu, wanaweka nukta mwanzoni mwa mstari, hivi: .NJE. SOKO LA MWANJELWA – MCHANA. Nukta hiyo inailazimisha programu ikubali kwamba hicho ni kichwa. Wengine huacha INT na EXT zikae kama zilivyo na kuandika yaliyobaki kwa Kiswahili. Sioni ubaya wake, ilimradi uwe umechagua njia moja na unaifuata hadi ukurasa wa mwisho.

Nasema hivyo kwa sababu programu haina huruma na majina. Ukiandika NYUMBANI KWA MAMA ATUPELE kwenye sini ya 3, NYUMBA YA MAMA ATUPELE kwenye ya 17, na KWA MAMA ATUPELE kwenye ya 31, umeshajenga nyumba tatu. Ripoti ya lokesheni itakuja na nyumba tatu, na mtu wa bajeti, ambaye hajaisoma skripti na hana mpango huo, ataweka pesa ya nyumba tatu. Wahusika nao ni hivyohivyo. MAMA, MAMA ATUPELE na BIBI ni watu watatu machoni pa programu, na kwenye familia zetu mtu mmoja anaitwa majina hayo yote kabla ya chakula cha mchana kuiva. Chagua jina moja kwa ajili ya vichwa na mistari ya majina. Ndani ya mazungumzo waache waitane wanavyotaka.

Vichwa vikishakaa sawa, sini zinapewa namba, na namba zinafungwa. Kufunga maana yake ni kwamba kuanzia hapo hakuna namba inayohama. Mwandishi akiongeza sini baada ya ya 14, hiyo inaitwa 14A. Akiifuta ya 20, namba 20 inabaki imeandikwa kwamba imeondolewa. Inaonekana kama urasimu, mpaka siku mtu wa mavazi aliyechapisha orodha ya zamani aje na gauni la harusi kwenye sini ya msiba.

Halafu linakuja suala la urefu. Kwa mazoea ya kazi hii, ukurasa mmoja wa skripti iliyoandikwa kwa mpangilio unaokubalika, kwa herufi za Courier za ukubwa wa 12, huhesabiwa kama dakika 1 ya filamu. Na ukurasa hugawanywa vipande 8. Kiswahili kina neno lake zuri kabisa kwa hicho kipande: thumuni. Wazee wanaikumbuka thumuni kama sarafu ya senti 50, lakini maana yake ya asili ni sehemu moja ya nane, na mimi naona tukiitumia hapa tunalirudisha neno kwao. Sini ya nusu ukurasa ni thumuni 4. Sini ya ukurasa mmoja na robo ni ukurasa 1 na thumuni 2. Hata sini ya mstari mmoja ni thumuni 1, hakuna kitu chini ya hapo, na ndiyo sababu jumla ya thumuni, ukiigeuza kuwa kurasa, inaweza kuzidi idadi ya kurasa zako bila mtu kukosea hesabu.

Thumuni inapimwa kwa urefu wa karatasi, na karatasi zetu si zile ambazo programu hizi zilizizoea. Marekani wanatumia karatasi ya Letter, yenye urefu wa milimita 279. Steshenari zetu zina A4, milimita 297. Hiyo tofauti ya milimita 18 ni kama mistari 4 kwa kila ukurasa, na skripti ya kurasa 90 kwenye Letter inaweza kushuka hadi karibu 84 kwenye A4 bila neno hata moja kufutwa. Mtayarishaji akifurahi kwamba filamu imefupika, mwache afurahi, lakini wewe hakikisha mwandishi na mtu wa ratiba mnatumia karatasi moja.

Jambo linalopotosha zaidi kuhusu thumuni ni kwamba inapima urefu wa filamu, haipimi kazi. Tazama hii:

NJE. BARABARA YA KIJIJINI, RUNGWE – MCHANA

Msafara wa harusi unapita kwenye mashamba ya chai kwa ngoma na vigelegele. Mvua inawashukia.

Hiyo ni thumuni 1. Inahitaji maharusi, watu hamsini wenye mavazi ya kueleweka, wapiga ngoma, ruhusa ya mwenye shamba, chakula cha wote hao, na mvua inayokuja ukiiita. Ni siku nzima, pengine mbili. Kisha chukua mazungumzo ya kurasa 3 kati ya Atupele na mama yake mezani: thumuni 24, na kwa waigizaji wanaojua mistari yao mnaweza kumaliza kabla ya saa nane mchana. Kwa hiyo ukiona programu imegawa kazi kwa usawa, kurasa 5 Jumatatu, kurasa 5 Jumanne, ujue imegawa karatasi tu.

Kuna na udanganyifu mwingine, huu wa kwetu kabisa. Skripti inasema "Wanasalimiana." Mstari mmoja. Mwache mwigizaji mzoefu wa Kinyakyusa aingie nyumba ya wazee bila kumwandikia maneno, uone kama salamu hiyo itakwisha chini ya dakika moja. Kwenye hesabu zangu, kila "wanasalimiana" yenye mzee ndani yake ninaiongezea muda.

Baada ya urefu ndipo inapokuja kazi ambayo watu wa fani huiita mchanganuo: kupitia kila sini na kuweka alama kwenye kila kitu kinachotakiwa kuwepo siku ya kupiga picha. Waigizaji, watu wa pembeni, vitu vinavyoshikwa, mavazi, magari, wanyama, vipodozi, sauti, vifaa vya pekee. Zamani ilikuwa kwa kalamu za rangi, leo unaburuta kipanya juu ya neno na kuchagua kundi. Programu inalikumbuka neno hilo, na nyingine hujitolea kulitafuta kila linapotokea kwenye skripti nzima. Kwa Kiingereza msaada huo unafaa kiasi. Kwa Kiswahili unafika njia panda haraka.

Sababu ya kwanza ni ngeli. Ukiweka alama kwenye "kikapu", programu haijui kwamba "vikapu" ni kitu kilekile kikiwa kingi. Itakuandikia vitu viwili tofauti, au haitaviona kabisa. Sababu ya pili ndiyo inayonikera zaidi, kwa kuwa hata mtu anaweza kuipita. Kiswahili kinaweza kukificha kitu ndani ya kitenzi. Rudi kwenye lile sanduku la baba. Kwenye simu, mama amelitaja, lakini hatulioni, kwa hiyo sini hiyo haihitaji sanduku lolote, na ukiliwekea alama umetuma mtu kutafuta kitu kisicho na kazi. Sasa tuseme kurasa tatu mbele tunasoma:

NDANI. CHUMBANI KWA BABA – USIKU

Baba anawasha kibatari. Analifuta vumbi, analifungua, anazitoa moja moja na kuzipanga kitandani. Mlango unagongwa. Anazirudisha haraka, anaivaa.

Neno "sanduku" halipo popote hapo. Liko kwenye "-li-". Kinachotoka ndani yake kiko kwenye "-zi-", na kama ni barua au picha au noti za zamani, lazima urudi nyuma kwenye skripti ukatafute. Na "anaivaa" ni nini? Kofia? Pete? Saa? Kila jibu lina mtu wake wa kuitafuta na bei yake. Programu itakusomea sini hii na kutoa kitu kimoja: kibatari. Ikijitahidi sana, kitanda. Mwandishi hajafanya kosa lolote, ameandika Kiswahili safi, na hakuna msomaji atakayepotea. Anayepotea ni mashine, na asubuhi ya siku ya kazi anayetafuta sanduku kwa majirani ni wewe. Kwa hiyo ninapochanganua, nasoma kitenzi kwa kitenzi, na kila kiwakilishi cha kitu ninakiandikia jina lake kwenye karatasi ya sini: li ni sanduku la bati lenye kufuli, zi ni barua 6 zenye bahasha, i ni kofia ya baraghashia. Inachosha. Bado sijaona njia ya mkato.

Kila sini ikishachanganuliwa inageuka kuwa ukanda mmoja mwembamba wenye namba, mahali, wakati, wahusika na thumuni zake. Kabla ya kompyuta ulikuwa ukanda wa karatasi ngumu unaochomekwa kwenye ubao, leo ni mstari kwenye kioo, lakini rangi za mazoea zimebaki: nyeupe ni ndani mchana, njano ni nje mchana, bluu ni ndani usiku, kijani ni nje usiku. Uzuri wake unauona ukipanga kanda hizo upya. Sini ya 3, ya 17 na ya 31 za jikoni kwa mama zinasogezwa pamoja, zipigwe siku moja, hata kama kwenye hadithi zimepishana miaka. Programu nyingi zitakutolea pia jedwali la kila mwigizaji: siku anayoanza, siku anazofanya kazi, siku anazokaa bure, siku anayomaliza. Siku za kukaa bure ndizo za kuzitolea macho. Mwigizaji aliyetoka Dar es Salaam akilala gesti siku nne Tukuyu bila kazi, analala kwa bajeti yako.

Ubao una rangi nne tu, mchana na usiku, nje na ndani, na ndipo nyanda za juu zinapoubishia. Mwandishi anaandika MAGHARIBI kwenye sini ya kurasa 2 juu ya Mlima Rungwe. Huku kwetu karibu na ikweta, jua likishazama mwanga unaofaa hubaki kama dakika ishirini na ushee. Kurasa 2 haziingii humo. Ama mzigawe kwa jioni mbili au tatu, ama muongozaji akubali kuifanya usiku. Na saa ya jua yenyewe si ile ya Dar es Salaam: Mbeya iko magharibi zaidi, jua linachelewa kuchomoza kwa zaidi ya dakika ishirini, na ratiba iliyopangwa na mtu aliyekaa Kinondoni itawaamsha watu gizani kwenye baridi ya Juni bila sababu.

Msimu nao hauna rangi. Maua ya Kitulo, yale yaliyoipa hifadhi jina la Bustani ya Mungu, yanachanua zaidi kati ya Desemba na Aprili, ndiyo miezi ya mvua. Ukitaka maua, umechukua na utelezi. Mimi huongeza kisanduku changu kwenye karatasi ya sini, nakiita "anga", na naandika kinachokubalika: jua tu, mawingu sawa, ukungu sawa, mvua lazima. Sini zenye "lolote sawa", hasa za ndani, nazitunza kama akiba. Siku ukungu ukiganda Uyole hadi saa nne asubuhi, tunaingia jikoni kwa mama. Kisanduku kingine ni cha vibali. Kibali cha Bodi ya Filamu, ruhusa ya serikali ya mtaa, ruhusa ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kama unaingia Kitulo: vyote vinafuata lokesheni, kwa hiyo sini moja inayohama kutoka nje ya geti la hifadhi kwenda ndani ni sini mbili hata kama mwigizaji hajapumzika hatua.

Je, ni lazima programu ya kulipia? Kwa filamu fupi ya sini 20, jedwali la Excel lenye safu za namba, ndani au nje, mahali, wakati, thumuni, wahusika, vitu na anga linatosha, na linafunguka umeme ukikatika na bando likiisha. Ukivuka sini 60 na lokesheni kumi, kusogeza mistari kwa mkono kunaanza kuzaa makosa, hapo programu inalipa gharama zake.

Kazi yote hii inaishia kwenye karatasi moja, ile inayotumwa jioni kuwaambia watu kesho wafike wapi na saa ngapi. Programu huijaza yenyewe. Kwenye kazi moja tuliyofanya Iringa iliandika kwamba mzee wetu, aliyekuwa mhusika mkuu wa siku hiyo, afike 7:00. Asubuhi tukasubiri. Simu haipatikani. Mchana, jua likiwa utosini, akashuka kwenye bodaboda amevaa suti, ametulia kabisa.

"Shikamoo mzee, tulikuwa na wasiwasi."

"Marahaba. Wasiwasi wa nini, mwanangu? Si mmeandika saa saba?"

Tukapiga zile sini za akiba. Siku hizi kwenye safu ya muda nafuta kilichojazwa na programu, naandika kwa mkono: saa 1 kamili asubuhi.